USALAMA NA AFYA: Unga unaotoboa mwamba, unga unaotoboa mapafu

Ndugu mutumishi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu nyumbani,

Somo letu la leo linaanza na kitu kidogo. Ndugu watoboaji wanakijua vizuri: ni lile jino la rangi ya majivu lililopandwa kwenye kichwa cha chuma cha kutobolea mwamba. Unaweza kulifunga ndani ya ngumi, lakini ukilipima utashangaa, kwa maana ni zito karibu mara mbili ya chuma cha ukubwa ule ule. Ndilo linalogusa mwamba mbele ya kitu kingine chote. Likiisha, kazi inasimama.

Watu wengi wanafikiri jino hilo liliyeyushwa na kumiminwa kama tunavyomimina shaba kiwandani. Sivyo. Jino hilo lilikuwa unga. Ni unga uliosagwa laini sana, ukakandamizwa kwa nguvu, kisha ukachomwa hata ukawa kitu kimoja. Na ndani ya unga huo mna kitu cha kwetu Katanga: kobalti.

Labda utauliza: musaidizi wa muganga anatafuta nini katika habari za unga na tanuru? Nina sababu mbili. Ya kwanza, mutu anayekijua chombo chake anakitunza. Ya pili ni kubwa zaidi: ile tabia ya unga inayofanya jino liwe gumu ndiyo hiyo hiyo inayofanya vumbi liwe hatari katika mapafu. Ukielewa moja, la pili halitakushinda.

1. TUANZE NA MATOFALI

Kila mutu wa inchi yetu amekwisha kuona watu wakifyatua matofali. Wanachimba udongo wa kichuguu, kwa maana ni laini na hauna mawe. Muchwa wamekwisha kuuchagua. Wanaulowesha, wanaukanyaga, wanaujaza katika kiunzi na kuukandamiza. Matofali yanakaa juani siku nyingi. Kisha yanapangwa tanuru na kuchomwa.

Angalia mambo manne: udongo laini, kukandamiza, kukausha, kuchoma. Udongo ukiwa na changarawe, tofali linapasuka pale penye jiwe. Usipokandamiza vizuri, linabaki na matundu ndani. Usipokausha, maji yanageuka muvuke motoni na kulivunja. Moto ukiwa mudogo, mvua ya kwanza inalirudisha kuwa matope.

Viwanda vikubwa vya Ulaya, Marekani na Asia vinafuata mambo hayo hayo manne. Tofauti iko katika ulaini wa unga, usafi wake na ukali wa moto. Hivyo wanafanya vigae vyeupe vya alumina vinavyopangwa ndani ya pompe na mirija ya viwanda vya kusafisha mawe, ili muchanga usiile chuma. Hivyo pia wanafanya ile sehemu nyeupe ya buji ya motokari. Na sisi wa hospitali tunapata fungu letu: mwaka 1970, huko Pau katika Ufaransa, muganga Pierre Boutin alianza kuwawekea wagonjwa kiungo cha nyonga cha alumina. Mutu anatembea juu ya unga uliochomwa, na haujui kutu.

Alumina inayeyuka karibu na digri 2050. Lakini mafundi hawafiki huko. Wanachoma karibu na digri 1600 tu, na unga unashikamana bila kuyeyuka. Namna gani kitu kinashikamana bila kuyeyuka? Tutafika.

2. UNGA WA JINO UNATOKA WAPI

Turudi kwenye jino letu. Limefanywa kwa vitu viwili. Cha kwanza ni kabidi ya tungsteni, yaani tungsteni iliyounganishwa na kaboni. Cha pili ni kobalti. Katika meno ya kutobolea mwamba, kobalti ni kama kilo 6 hadi 12 ndani ya kilo 100.

Tungsteni inapatikana katika mawe yanayoitwa wolframiti. Ndugu zetu wa Kivu na jirani zetu wa Rwanda wanayachimba. Metali hii ni ngumu kuyeyusha kupita metali zote: inataka digri zaidi ya 3400. Hakuna chungu cha kawaida kinachoweza kuvumilia moto huo. Kwa hiyo mafundi walitafuta njia nyingine, na njia hiyo ni unga.

Kwanza wanaitoa tungsteni katika mawe kwa dawa za kemia, hata inabaki unga wa manjano. Unga huo wanaupitisha katika tanuru yenye gazi ya idrojeni, na oksijeni inatoka. Sasa ni unga wa metali, wa rangi ya majivu. Wanauchanganya na masizi safi ya kaboni, wanauchoma tena kwa moto wa digri 1400 au zaidi, na kabidi inazaliwa. Chembe zake ni ngumu sana, lakini peke yake kabidi inavunjika kama sahani ikianguka.

Hapo ndipo kobalti inaingia. Kobalti haina ugumu wa kabidi, lakini ina uvumilivu. Ni kama saruji katikati ya mawe ya ukuta: mawe yanabeba, saruji inashika. Kabidi inakata mwamba, kobalti inapokea kishindo cha mashini.

Mutu aliyepata njia hii ni Karl Schröter, fundi wa maabara ya kampani ya taa Osram huko Berlin, Ujerumani. Alitia maandishi ya ugunduzi wake mwaka 1923. Kwa nini kampani ya taa? Kwa sababu waya mwembamba ndani ya taa ni wa tungsteni, nao ulivutwa kwa kupitishwa katika tundu la almasi. Almasi ilikuwa ghali, wakatafuta kitu cha kuchukua fasi yake. Mwaka 1926 kampani Krupp ya Essen ilianza kuuza kitu hicho kwa jina Widia, ambalo kwa Kijerumani linatoka katika maneno yenye maana ya «kama almasi». Tangu hapo kobalti imekuwa na kazi kubwa duniani. Leo, mwanzo wa karne ya 21, inchi yetu ndiyo inayotoa kobalti nyingi kupita inchi zote, na ingawa sehemu kubwa inakwenda katika betri, mafundi wa meno ya kutobolea wanaihitaji bado.

3. KUSAGA, KUKANDAMIZA, KUCHOMA

Kabidi na kobalti vinatiwa katika pipa linalozunguka, lenye mipira ya kabidi ngumu ndani yake. Mipira inapanda, inaanguka, inasaga. Wale wanaofanya kazi kwenye vinu vya mipira katika kiwanda cha kusafisha mawe wataelewa mara moja. Lakini hapa wanasaga ndani ya alkoli, si pakavu, tena kwa saa nyingi, wakati mwingine siku nzima na zaidi. Mafuta kama yale ya mushumaa yanatiwa ili unga ushikamane kidogo na kuteleza vizuri. Kisha alkoli inakaushwa katika hewa isiyowaka, na unga unabaki katika vidonge vidogo vinavyotiririka kama mutama.

Vidonge vinajazwa katika kiunzi cha chuma. Mashini inashuka. Nguvu yake ni kama kilo 1500 juu ya kila sentimetri muraba moja: fikiri motokari ndogo nzima imesimama juu ya ukucha wako. Kinachotoka kina sura ya jino, lakini ni jino la uongo. Ukilikwaruza na ukucha linatoka unga kama chaki. Karibu nusu yake ni hewa. Ukiliacha lianguke, limekwisha.

Sasa moto. Kwanza moto wa polepole unaotoa yale mafuta, kama tunavyokausha tofali. Ukiharakisha, jino linapasuka. Kisha hewa yote inavutwa kutoka ndani ya tanuru, na moto unapanda kufika digri 1400 hivi. Karibu na digri 1300 kobalti, ikiwa pamoja na kabidi, inaanza kuwa majimaji. Inaingia katika kila nafasi kati ya chembe, kama maji katika sukari, na kuzivuta zikaribiane. Jino linapungua. Sentimetri 10 zinakuwa kama 8 na kidogo. Yaani lile jino la chaki linabaki na karibu nusu ya ukubwa wake, bila kupoteza uzito. Hewa imetoka, chembe zimekaribiana. Litri moja ya kitu hicho ina uzito wa kilo 14 hadi 15. Chuma hakifiki 8.

Fundi lazima ahesabu kupungua huko mbele ya kutengeneza kiunzi. Na kama kulikuwa na takataka, au unga haukujaa sawasawa, tundu linabaki ndani. Mutu halioni kwa macho. Litaonekana siku jino litakapovunjika chini ya ardhi.

4. SIRI YA ULAINI

Kwa nini wanajitaabisha kusaga laini hivi? Kipimo chao ni mikroni. Mikroni moja ni milimetri moja iliyogawanywa mara 1000. Unywele wa mutu una upana wa mikroni 70 hivi. Chembe nyekundu ya damu yetu ina mikroni 7 au 8. Chembe za unga wa jino ni za mikroni chache tu, na nyingine hazifiki mikroni moja.

Chukua kipande chenye pande za sentimetri moja, kama kete ya kuchezea. Ngozi yake yote, pande sita, ni sentimetri muraba 6. Sasa kikate kiwe vipande vya mikroni moja moja. Utapata vipande milioni mara milioni. Uzito haukubadilika. Lakini ngozi za vipande vyote pamoja ni metri muraba 6, yaani sakafu ya chumba chenye upana wa metri 2 na urefu wa metri 3. Kutoka kete hadi chumba!

Hiyo ndiyo siri. Kitu chochote kinafanya kazi na jirani yake kwa njia ya ngozi yake. Ngozi ikiwa nyingi, chembe zinatamani kushikamana ili kuipunguza, kama matone mawili ya mafuta juu ya mchuzi yanavyokutana na kuwa tone moja. Ndiyo sababu unga laini unashikamana motoni hata bila kuyeyuka, kama alumina niliyotaja juu. Unga mukubwa kama muchanga ungekaa tanuruni siku nyingi na kubaki muchanga.

Basi kumbuka neno hili: unga laini una ngozi nyingi, na ngozi nyingi ni milango mingi.

5. SASA TUINGIE KIFUANI

Mwili umejitengenezea ulinzi. Nywele za pua zinakamata vumbi kubwa. Kamasi ya mirija inakamata la katikati, na vinyweleo vidogo sana vinalisukuma juu hata tunalikohoa au kulimeza. Vumbi unaloliona juu ya nguo zako na katika kamasi yako nyeusi, sehemu kubwa imekamatwa hivyo.

Lakini chembe zilizo chini ya mikroni 5 hivi zinapita walinzi hao wote. Zinafika mwisho wa mirija, kwenye vifuko vidogo ambamo hewa inakutana na damu. Vifuko hivyo ni mamilioni mia tatu na zaidi. Ukivitandaza vyote, ngozi yake inafika karibu metri muraba 70, na ni nyembamba kupita karatasi yoyote. Huko kuna askari wa mwisho, chembe za mwili zinazomeza takataka.

Vumbi la mwamba lenye silika linawaua askari hao. Wakifa, wanaacha vumbi lile lile, askari wengine wanakuja, nao wanakufa. Pale penye vita panabaki kovu. Kovu likiwa juu ya kovu, pafu linakuwa gumu, halijazi hewa. Hiyo ni silikosi. Haina dawa ya kuirudisha nyuma, na inafungulia kifua kikuu mulango. Katika Marekani, miaka ya 1930 na 1931, watu walitoboa njia ya maji chini ya mulima huko Hawks Nest, West Virginia, katika mwamba wenye silika nyingi, bila maji na bila kinga. Mamia walikufa, wengine ndani ya miaka michache tu. Hata mbele ya hapo, mashini za kutoboa pakavu zilikuwa zimepata jina katika midomo ya wachimbaji wa Marekani: «mutengeneza wajane». Dawa yake ilijulikana zamani: maji yanayopita ndani ya chuma cha kutobolea. Kwa hiyo ndugu mutoboaji, unapofunga bomba la maji ili usiloweshwe, unaifungua mashini ile ya zamani.

Vumbi la jino lenyewe linafanya kazi nyingine. Chembe zake zina ngozi nyingi, na maji ya mwili yanaingia kwa milango ile mingi na kutoa kobalti. Kobalti pamoja na kabidi vinaharibu kuliko kila kimoja peke yake. Wengine wanapata pumu. Wengine, pafu linavimba na kufanya kovu. Haipigi watu wote sawasawa: watu kumi wanaweza kufanya kazi chumba kimoja, akaumwa mumoja tu, naye si yule aliyekaa miaka mingi. Tena mwaka 2006 wataalamu wa kimataifa wanaochunguza kansa waliandika kwamba vumbi la kobalti pamoja na kabidi ya tungsteni yaelekea linaleta kansa kwa watu. Silika waliiandika tangu mwaka 1997 kuwa inaleta kansa ya mapafu, bila neno «yaelekea».

Usiogope kulishika jino zima. Halina ubaya mukononi. Hatari iko pale linaporudi kuwa unga: kwenye jiwe la kunolea.

6. KISA CHA MUNOAJI

Nitakueleza jambo ambalo si la kunipa sifa.

Miaka ya kwanza ya kazi yangu, katika dispanseri ya fasi nyingine, alikuja muzee mumoja mwenye kikohozi kikavu. Nikampa dawa ya maji. Akarudi. Tukapima makohozi, tukaona hakuna kifua kikuu. Nikampa dawa nyingine. Alipokwenda likizo kijijini kwake, kando ya Lualaba, sikumwona mwezi mzima, nikafurahi: dawa yangu imeshinda! Juma moja nyuma ya kurudi kazini, yuko mulangoni tena.

Aliyenifundisha si kitabu. Ni bibi yake. Alimleta mujukuu kwa chanjo, akaniambia: «Muganga, kikohozi cha muzee kinachukua likizo pamoja naye. Akienda mugini, kinanyamaza. Akirudi kazini, nacho kinarudi kazini.»

Nikaona haya. Mara tatu nilikuwa nimemuuliza jina, umri, na kama anavuta tumbako. Sikumuuliza hata mara moja: «Baba, mikono yako inafanya nini kutoka asubuhi hata jioni?»

Nilipomuuliza, alijibu: «Nanoa meno ya kutobolea.» Pompe ya maji kwenye jiwe lake ilikuwa imekufa muda murefu. Alinoa pakavu. Nilipokwenda kuona, dirisha la karakana lilikuwa na unga wa majivu, na mukebe wake wa chakula ulikuwa juu ya meza ile ile. Muganga mukubwa alimtuma kwenye picha ya mapafu na kupima pumzi, na akaagiza ahamishwe. Walimpeleka kwenye depo ya vyombo. Kikohozi kilipungua sana. Lakini pumzi yote haikurudi. Akipanda ngazi alisimama katikati, akashika ukuta, akajifanya kama anatafuta kitu katika mufuko.

Ningemuuliza siku ya kwanza, angepata miezi minane mbele. Mutu mwenye ugonjwa huu, miezi minane si kitu kidogo. Ndiyo sababu leo, mutu akiniletea kikohozi, swali la kazi ndilo la kwanza.

7. MAMBO YA KUFANYA KAZINI

Noa kwa maji, si pakavu. Maji yakikosa, simamisha, mwambie mukubwa wa kazi, na uandike katika daftari. Jiwe lililosimama saa mbili halijaua mutu.

Badilisha maji ya kunolea kwa wakati wake. Kobalti inayeyuka polepole ndani yake, na ukungu unaoruka kutoka jiwe unaibeba mupaka puani. Maji machafu yaliyozunguka miezi mingi si kinga tena.

Mashini ya kuvuta vumbi iwe karibu na jiwe, na murija wake usiwe umepasuka. Ikiwa mbali metri moja, inavuta makelele tu.

Usifagie pakavu. Lowesha kwanza. Wala usijipulize nguo kwa hewa ya kompresa. Unaliondoa vumbi juu ya suruali na kuliweka mbele ya pua yako na ya mwenzako.

Kitambaa si kinga. Chembe ya mikroni moja inapita katika kitambaa kama mbuzi katika boma lenye matundu. Omba maski yenye alama FFP2 au FFP3, ikae sawasawa juu ya pua na kidevu. Ndevu nyingi zinaiachia nafasi. Na maski ni kinga ya mwisho: maji na mashini ya kuvuta vinatangulia.

Vaa miwani. Jino gumu likivunjika, kipande kinaruka.

Nawa mikono na uso mbele ya kula, kunywa au kushika sigara. Kobalti inaweza pia kuleta vipele vya kuwasha katikati ya vidole. Ukiviona, njoo.

8. NYUMBANI

Mama, ovaroli ya mume wako isikung'utwe ndani ya nyumba, wala mulangoni pale watoto wanapocheza. Itie katika beseni yenye maji kwanza, peke yake, bila nguo za mutoto. Ikilowa, ndipo uishike. Kama karakana ina fasi ya kuoga na kuacha nguo, mume aitumie. Mutoto anakimbia kumkumbatia baba akirudi: baba akoge kwanza, kumbatio halitaharibika.

Ndugu walio na jamaa wanaoponda mawe meusi ya kobalti kwa nyundo kando ya nyumba, wawaambie: jiwe likiwa limelowa halitoi vumbi jingi, na kazi hiyo isifanywe karibu na chungu cha bukari wala na mutoto mugongoni. Mutoto hana kazi pale.

Na mama, wewe ndiwe unayesikia kikohozi cha usiku. Kikipita majuma mawili, au kikichukua likizo pamoja na mume wako, usingoje. Njoo naye.

9. JIPIME MWENYEWE

Funika majibu kwa mukono, kisha ujibu.

Swali: Kwa nini jino la kutobolea halimiminwi kama shaba?
Jibu: Kwa sababu tungsteni na kabidi yake zinataka moto mukali mno. Ni rahisi kukandamiza unga na kuuchoma pamoja na kobalti.

Swali: Kobalti inafanya kazi gani ndani ya jino?
Jibu: Inashika chembe za kabidi kama saruji, na inapokea vishindo.

Swali: Vumbi gani ni baya zaidi, lile unaloliona au lile usiloliona?
Jibu: Lile usiloliona. Lililo chini ya mikroni 5 linafika mwisho wa mapafu.

Swali: Kikohozi kinachopungua siku za likizo na kurudi siku za kazi kinaonyesha nini?
Jibu: Kwamba sababu yaweza kuwa kazini. Mwambie muganga kazi yako, hata kama hakuulizi.

Swali: Pompe ya maji ya jiwe la kunolea imekufa. Utafanya nini?
Jibu: Nitasimamisha, nitaeleza, nitaandika. Sitanoa pakavu.

Ndugu zangu, fundi wa mbali alichukua unga akaufunga kwa moto hata ukawa jino. Tusiufungue tena na kuumeza. Chuma kikiisha, depo itatoa kingine. Pafu halina depo.

Tuonane katika somo lijalo.